Unachagua wa kukupeleka kuwinda elki kwa mara ya kwanza? Picha za pembe weka pembeni

Fungua tovuti yoyote ya kampuni zinazopeleka watu kuwinda elki huko magharibi mwa Marekani, utakutana na picha ileile. Jamaa kavaa kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, kapiga goti nyuma ya dume lenye pembe za kutisha, meno yote nje. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Mi nilishinda kwenye hizo tovuti baridi yote mpaka mke wangu akawa ananiuliza kama kuna mtu ananilipa, na nilichokuja kugundua ni kwamba ile picha haikwambii hata kimoja unachotaka kujua. Haikwambii ni ya mwaka gani, haikwambii kama yule jamaa aliwinda kwenye ranchi ya mtu au kwenye msitu wa taifa ambako kila mwenye leseni anaingia, haikwambii tagi, yaani kibali cha jimbo cha kupiga mnyama mmoja, aliisubiri miaka mingapi, na hasa hasa haikwambii wiki ile kambini walikuwa watu wangapi na wangapi walirudi kwao mikono mitupu.

Kwa asiyemjua, elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila mkubwa kweli, dume la Milima ya Rocky linafika kilo 300 na zaidi, jike kama 220. Pembe anazo dume tu na zinadondoka kila mwaka, zinaota upya. Mwezi wa tisa mpaka mwanzoni mwa wa kumi ni msimu wa kupandana, hapo madume yanaita kwa sauti nyembamba inayopanda juu halafu inakatika na mikoromo, na waongozaji wazuri wanaweza kumjibu mpaka akaja mwenyewe. Huyu mnyama karne ya 20 ilipoanza alikuwa amebaki mchache sana, hawakufika laki moja, leo wapo karibu milioni moja. Ndo maana uwindaji wake una sheria nyingi, na ukitaka kuelewa kampuni za uwindaji lazima uzielewe hizo sheria kwanza.

Mtu anaweza kuniuliza, kwani lazima ulipe mtu akupeleke? Sio lazima, wengi tu wanaenda wenyewe. Ila piga hesabu hii: ukimtoa mifupa dume mmoja anakupa nyama kama kilo 90 hadi 110, na unaweza kuwa umempigia mwinuko wa mita 3,000, bondeni, kilomita kadhaa kutoka barabarani, jua linazama. Ukiwa peke yako na begi la mgongoni hiyo ni safari nne tano za kupanda na kushuka, nyama nayo haisubiri. Mwenye kampuni ana farasi na baghala. Kwangu mimi hoja ilikuwa imeishia hapo.

Sasa unanunua nini hasa? Hili ndo swali ambalo watu wanaliruka halafu baadaye wanalalamika. Hununui elki. Mnyama ni wa jimbo, mwenye kampuni hana uwezo wa kukuuzia. Unachonunua ni ardhi ambayo yeye ana ruhusa ya kukuingiza, siku kadhaa juu ya hiyo ardhi, na kichwa cha mtu anayejua wanyama wanashinda wapi upepo ukigeuka. Ukishaliweka hivyo, maswali yako yote yanabadilika. Unaacha kuuliza "pembe kubwa kiasi gani" unaanza kuuliza "ardhi ipi, na nani atakuwa pembeni yangu".

Kuna aina tatu kubwa na bei zake hazifanani kabisa. Ranchi ya mtu binafsi unalala kwenye nyumba, unaoga maji moto, asubuhi mnatoka na gari, wanyama hawasumbuliwi sana na watu kwa hiyo uwezekano wa kupata uko juu, na bei nayo iko juu, kuanzia kama dola 10,000 na inaweza kupita 20,000 ukitaka dume kubwa. Halafu kuna kambi ya porini ya farasi, mahema ya turubai lenye jiko la kuni ndani, mnapanda farasi gizani saa kumi alfajiri, hiyo wengi wanatoza kati ya dola 6,000 na 10,000 kwa siku tano mpaka saba. Ya tatu wanakupeleka na farasi wao mpaka kwenye hema lililosimamishwa tayari, wanakuacha hapo unawinda mwenyewe, wanarudi kukuchukua na kubeba nyama. Kama dola 2,500 hadi 4,000. Hii ya tatu inavutia kwa bei ila kama ndo mara yako ya kwanza naona ni kujitesa tu, unalala juu ya mlima usioujua, hujui hata uanzie bonde gani, unamaliza siku tatu unajifunza kile ambacho muongozaji angekuonyesha asubuhi ya kwanza. Na kumbuka tagi kwa kawaida haimo kwenye hizo bei.

Kuna kampuni moja nilipiga simu, jamaa akaniambia kwao ni asilimia mia, kila mteja anaondoka na dume. Nikamuuliza asilimia mia ya nini. Tukazunguka zunguka mpaka ikatoka kwamba ni shamba lenye uzio mrefu, wanyama wa kufugwa, unachagua kwa bei ya ukubwa wa pembe. Majimbo mengine hiyo ni halali kabisa, Idaho na Utah yapo hayo mashamba, wakati Montana wananchi walipiga kura mwaka 2000 wakaipiga marufuku biashara ya kulipisha watu kupiga wanyama wa mashamba. Simsemi vibaya anayependa, hela ni yake, ila mi nilikuwa natafuta uwindaji na ile ni kwenda mnadani. Kwa hiyo ukiona neno "guarantee", yaani uhakika wa kupata, popote, uliza uzio kwanza.

Haya, tagi. Watu wengi wanachagua kampuni kwanza halafu ndo wanauliza tagi, mi naona inatakiwa kinyume, chagua jimbo kwanza kwa sababu kila jimbo lina mchezo wake. Wyoming asiye mkazi anaingia droo, maombi yanafungwa mapema mno, mwanzoni mwa mwezi wa pili, na tagi ya kawaida ni karibu dola 700 wakati ile ya bei maalum ambayo watu wanaomba kupunguza ushindani inakaribia 2,000. Halafu Wyoming wana sheria yao ya ajabu kidogo: yale mapori ambayo serikali ya shirikisho imeyatenga yabaki pori tupu, bila barabara wala magari, wewe usiye mkazi huruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa humo bila muongozaji mwenye leseni, au mkazi wa Wyoming aliyechukua kibali cha kukusindikiza bure. Kutembea ruksa, kuvua samaki ruksa, kuwinda elki mpaka uwe na mtu. Wapo wanaosema hiyo sheria ilitungwa kuzilinda kampuni na mi siwezi kubisha sana, ila ndo ilivyo.

Montana maombi yanafungwa tarehe 1 mwezi wa nne, leseni za pamoja za wanyama wakubwa kwa wasio wakazi (elki ikiwa humo humo na wengine) zina ukomo wa 17,000 na bei inazidi dola 1,000. Zamani ukienda na kampuni ulikuwa na uhakika wa leseni, wananchi wakaiondoa hiyo kwa kura mwaka 2010, kwa hiyo mtu akikwambia "lipa advansi, leseni Montana haina shida" muulize anaongelea mwaka gani. Kitu kizuri cha Montana ni kwamba kwenye pori la Bob Marshall msimu wa bunduki unafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tisa, katikati ya msimu wa kupandana, wakati sehemu nyingi mwezi huo ni wa upinde tu. Ukitaka kusikia madume yakiita na wewe upinde hujui, hapo ni pa kuangalia.

New Mexico hawana mambo ya kukusanya pointi kila ukikosa droo ili mwakani uwe na nafasi zaidi, kila mwaka wote mnaanza sawa, ila droo imegawanywa: asilimia 84 ya wakazi, 10 ya watu waliosaini mkataba na kampuni, 6 ya wasio wakazi wanaokwenda wenyewe. Yaani kule kusaini na kampuni kabla ya droo kunakuingiza kwenye fungu tofauti kabisa. Idaho nako kuna tagi zimetengwa kwa ajili ya kampuni zilizosajiliwa. Colorado ndo yenye elki wengi kuliko jimbo lolote, na imejulikana miaka mingi kwa tagi za kununua tu bila droo, lakini kuanzia 2025 tagi za upinde kwa wasio wakazi upande wa magharibi wa jimbo zimeingia kwenye droo, kwa hiyo stori za "nenda Colorado kanunue dukani" zichuje. Kila kampuni niliyoongea nayo niliiuliza swali moja: nisipopata tagi hela yangu inaenda wapi? Waliojibu kwa sentensi moja niliwaweka kwenye listi. Walioanza kunielezea historia ya kampuni, basi.

Vibali havichukui muda kuvikagua na nashangaa watu hawafanyi. Montana, Wyoming, na Idaho kuna bodi za serikali zinazotoa leseni kwa hizi kampuni, Colorado kuna ofisi ya usajili, unaangalia mtandaoni au unapiga simu, unawapa jina, wanakwambia kama leseni yake bado ni hai na kama amewahi kulalamikiwa. Colorado wanadai awe na dhamana ya dola 10,000, bima, cheti cha huduma ya kwanza na mkataba wa maandishi. Halafu kama anasema anawindisha kwenye msitu wa taifa, lazima awe na kibali cha US Forest Service, idara ya misitu ya shirikisho, kwa eneo hilohilo, na kama ni ardhi ya BLM, idara nyingine ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma, awe na kibali cha BLM. Piga simu ofisi ya msitu wa wilaya ile, uliza. Huu sio umbea. Ukiwinda na mtu asiye na kibali na mnyama akapatikana kinyume cha sheria, kuna Lacey Act, sheria ya shirikisho tangu 1900, na mteja naye anaweza kujikuta anajibu maswali, pembe zinachukuliwa, nyama inachukuliwa.

Kingine kwa ndugu zetu tulio huku Marekani kwa makaratasi tofauti tofauti: kama upo kwa visa ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki, isipokuwa uwe na leseni halali ya uwindaji au uingie kwenye misamaha mingine michache. Hakikisha karatasi zako ziko sawa kabla hujaazimwa bunduki kambini, mwenye kampuni mwenyewe anaweza asijue kabisa hiyo habari. Na cheti cha mafunzo ya uwindaji, Colorado kwa mfano kila aliyezaliwa tangu 1949 lazima awe nacho, kwa hiyo hatuponi hapo.

Sasa sehemu ya wadhamini, yaani wale wateja wa zamani ambao kampuni inakupa namba zao uwapigie. Kila mtu atakushauri uwapigie, sawa, ila nani atakupa namba ya mtu aliyekasirika? Ukipewa majina matatu yote yatakuwa ya watu waliopata dume kubwa, wana furaha, watakusifia mpaka sahani za kambini. Mi nilikuwa naomba majina ya wote wa wiki moja ya msimu uliopita, na hasa waliokosa. Kampuni nyingine zilikataa kwa kisingizio cha faragha, nyingine zilitoa bila shida. Aliyekosa ndo anajua kampuni, kwa sababu kampuni ikipata mnyama siku ya kwanza haujui tabia yao, unaijua siku ya nne mvua ya theluji imewapiga, hamjaona hata unyayo, na muongozaji ama anasema "twende ng'ambo ya ule mlima" ama anakaa kwenye hema anachezea simu isiyo na mtandao. Mzee mmoja nilimpigia, hakupata kitu, tuliongea karibu saa nzima na alichokuwa anataka kunieleza ni jinsi kijana aliyemuongoza alivyomtafutia sehemu za kupanda taratibu kwa sababu ya goti lake. Amesharudi tena huko. Hiyo kwangu ilikuwa na uzito kuliko picha zote.

Waulize pia mlimani walikutana na watu wengine wangapi, farasi walikuwa na afya au mbavu nje, aliyewaongoza alikuwa na misimu mingapi pale, na kama mtu waliyeongea naye kwenye simu wakati wa kulipa walimuona tena. Na uliza mwaka. Baridi ya 2022 kuingia 2023 iliua wanyama wengi kaskazini magharibi mwa Colorado mpaka jimbo likapunguza leseni, kwa hiyo sifa za 2019 za eneo lile ni sifa za kundi lingine la wanyama.

Namba za mafanikio nazo zinachezewa. Kuna wanaohesabu waliopata, kuna wanaohesabu waliopata "nafasi", na nafasi inaweza kuwa dume limesimama mita 500 kwa sekunde tatu. Wawindaji wa kawaida wanaokwenda wenyewe Colorado wanaopata hawafiki hata mmoja kati ya watano au wako hapo hapo, sasa kambi ya porini ikikwambia nusu ya wateja wao wanapata, hiyo ni kazi nzuri sana, usiibeze. Ikikwambia tisini, uliza ni dume au hata jike, bunduki au upinde, ranchi au msitu.

Na uliza muongozaji mmoja kwa wateja wangapi. Wengi bei ya kawaida ni mmoja kwa wawili, maana yake likitokea dume moja lazima mjue nani anapiga kwanza, na kama mwenzako ni mtu mmeunganishwa tu hamjuani, hilo linatakiwa liongelewe kabla, sio pale pale mnanong'onezana.

Mkataba nilisoma mpaka herufi ndogo. Advansi nusu, hairudi, hiyo karibu wote. Ila angalia moto: mwaka 2020 mioto ya Cameron Peak na East Troublesome ilifanya misitu ya taifa kule Colorado ifungwe katikati ya msimu wa uwindaji, je ikitokea unahamishiwa mwaka unaofuata au imekula kwako? Angalia nyama, nani anailipia buchani na unaisafirishaje, kwa sababu kuna ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia jamii ya kulungu na majimbo mengi hayaruhusu kuingiza kichwa chenye ubongo au uti wa mgongo. Na angalia kifungu cha kujeruhi, hiki wengi hawakijui: kampuni nyingi ukimpiga mnyama akatoka damu mkamtafuta hamkumpata, uwindaji wako umeisha, tagi yako inahesabiwa imetumika. Mi nakikubali hicho kifungu, tena kampuni isiyokuwa nacho ningeitilia mashaka. Bakshishi haiko kwenye mkataba lakini ipo, asilimia 10 mpaka 20 ya bei kwa muongozaji, na mpishi wa kambi usimsahau, beba hela taslimu maana mlimani hakuna ATM.

Mwisho nilichagua kambi ya farasi Wyoming inayoendeshwa na mama mmoja na mume wake. Nilipopiga simu nilikuwa na karatasi ya maswali, mama akanijibu machache halafu akaanza kuniuliza yeye. Una miaka mingapi. Unaishi mwinuko gani, unajua kambi yetu iko mita 2,700. Bunduki yako unaipigia mpaka umbali gani ukiwa umekaa chini na moyo unadunda, sio kwenye meza ya mazoezi. Una kilo ngapi, maana inabidi nikuchagulie farasi. Nikamwambia nipo tayari kulipa zaidi kwa muongozaji wa peke yangu, akasema sawa lakini hiyo haitakusaidia kama huwezi kupanda mlima, anza kutembea na begi la kilo 15 kuanzia sasa. Nilimuuliza msimu uliopita ulikuwaje, akajibu ulikuwa mbaya, joto, wanyama walikaa juu, theluthi moja tu ndo walipata. Akanitumia majina bila kuombwa mara mbili. Kule ni nchi ya dubu wa grizzly, akanieleza nyama wanaitundika wapi na kila mtu anatembea na kopo la dawa ya kupulizia dubu kiunoni, akasema nisije na langu kwa ndege maana haliruhusiwi hata kwenye begi la mzigo, nitapewa pale.

Droo ikanikubali, advansi nikatuma. Kwenye barua pepe yake ya kuthibitisha ameongeza sharti moja: nipande farasi mara kadhaa kabla ya mwezi wa kumi, kwa sababu kutoka barabarani mpaka kambini ni saa sita juu ya tandiko na hataki mteja anayeshindwa kutembea siku ya kwanza. Nimeshapata mwalimu, tunaanza Jumamosi, kaniambia nije na suruali ndefu na viatu vyenye kisigino.